Nyundo Iliyokaa kwa Mtani

Mwaka huu nimeambiwa kwamba mimi ni Mwajemi. Usicheke, rafiki yangu. Nilikuwa nakula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, nikapaliwa nusura nife kabla sijauonja huo ufalme. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye siku hizi amejifanya Mwenyekiti wa ukoo bila kuchaguliwa na mtu, alinitumia picha ya bango kwenye simu. Juu kabisa kachorwa mzee wa kilemba na ndevu. Chini yake panga mbili zimepishana, kisha maandishi ya rangi ya dhahabu: Ukoo wa Kifalme wa Feruzi, Kutoka Shirazi Hadi Mwanza. Kwa mzee wa kilemba linashuka shina, shina linatoa matawi, na kwenye kila tawi jina la mwanamume. Nikatafuta jina la Bibi. Nikaivuta picha kwa vidole mpaka ikawa ukungu mtupu. Bibi hayumo.

Hapo ndipo nilipoweka sahani chini nikampigia.

"Bibi yuko wapi?"

"Dada, hii ni nasaba. Nasaba inafuata baba."

"Na huyu mwenye kilemba ni nani?"

"Huyo ndiye babu yetu mkuu. Mtaalamu amethibitisha."

Mtaalamu! Mtu wa Dar ambaye hawajawahi hata kuonana, wamejuana mtandaoni. Na utafiti wenyewe ulianzaje? Mwenyekiti aliandika jina letu kwenye simu, simu ikamwambia feruzi ni kito cha buluu kinachotoka Uajemi, basi, akaruka juu: sisi ni Waajemi. Kwa hesabu hiyo yule Almasi wa Igogo aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa maji angekuwa na mgodi wake. Baadaye Mwenyekiti akataka sote tuteme mate kwenye vichupa, yapelekwe ng'ambo yakapimwe asili. Nilimjibu kwamba mate yangu ninajua pa kuyatemea.

Nimewaona wengi siku hizi wenye homa hii ya kutafuta asili, na wote wanaanza kwa mguu uleule. Kwanza mtu anaamua anachotaka kuambiwa, halafu anamtafuta wa kumwambia. Hujamsikia hata mmoja aliyechimba akakuta babu yake alikuwa mwizi wa mbuzi. Wote watoto wa machifu! Sijui hao machifu walitawala nani, maana raia hawana wajukuu.

Mimi asili yetu niliijua nikiwa darasa la tatu, na sikuipata kwa ndugu. Kaa nikusimulie.

Nililelewa na Babu na Bibi Mirongo, karibu na ule mto unaokatiza mjini ukibeba kila kitu ambacho watu hawakitaki. Nyumba ya udongo, paa la bati, nyuma yake mawe makubwa ambayo Bibi alianikia juu yake dagaa, muhogo na watoto watukutu. Mbele, barazani, ndipo Babu alipofanyia kazi. Alikuwa fundi bati. Alitengeneza vibatari, ndoo, makarai na majiko, lakini kazi iliyompa jina mwambao mzima ilikuwa kutengeneza karabai, zile taa za pampu za wavuvi wa dagaa.

Unajua dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiiva wavuvi hawatoki, kwa sababu samaki hawaioni taa yako wakati mbingu nzima inawaka. Kwa hiyo sisi kalenda yetu ilikuwa mwezi. Ukijaa tu, wavuvi wa Kome na Ukerewe na Sengerema wanamiminika na karabai zao begani, zimepondeka, zimeziba, zimetoboka, na baraza lote linanuka mafuta ya taa na samaki. Babu anawasha jiko la mkaa, anayeyusha risasi ya kulehemu, moshi wake mchungu unapanda mpaka kwenye meno. Kazi yangu ilikuwa kusugua vioo vya taa kwa majivu na kitambaa, kisha kuipiga pampu taa iliyopona ili ionekane kama inawaka. Bibi naye aliinjika sufuria kubwa la ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, na sato wa kuchemsha, kwa sababu mvuvi aliyevuka maji hawezi kurudi kwake na njaa. Kongoti, wale ndege wakubwa wa majalalani, walikuwa wanasimama juu ya paa wakisubiri matumbo ya samaki, vichwa vyao vya upara vimeinama. Bibi alikuwa akiwaita wakaguzi.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwanamke wa Kizaramo, aliyefika Mwanza na mumewe mfanyakazi wa reli. Bibi alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Sasa kama wewe ni kijana wa siku hizi pengine huelewi maana yake, kwa hiyo nitakuambia taratibu: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Wametaniana tangu enzi za misafara ya miguu, walipokuwa wanakufiana njiani na kuzikana bila kuwa ndugu. Aliyekuzika njiani ana haki ya kukutukana, na wewe huna haki ya kukasirika. Ndiyo sheria, na ilikuwa kali kuliko za mahakamani.

Basi yule mama, mtani wetu, aliingia jikoni kwetu bila hodi, anafunua sufuria anachungulia.

"Nyie wapagazi, chumvi mliiangusha njiani?"

"Wewe mla nazi," Bibi anamjibu bila kugeuka, "kumbe umeshaamka? Jua bado halijazama."

"Naondoka na huu mwiko. Mtu asiyejua kupika wa nini?"

Na kweli anaondoka nao. Kesho Bibi anaukomboa kwa kikombe cha karanga au kipande cha sabuni, na ukombozi wenyewe una matusi yake mapya. Hivyo ndivyo walivyopendana, miaka na miaka. Sijawaona wakikumbatiana hata siku moja.

Nilipokuwa darasa la tatu mwalimu wetu alituagiza twende tukaulize asili ya majina ya koo zetu, kesho kila mmoja asimame aeleze. Nikaanza na Babu. Babu aliniangalia, akaangalia bati alilokuwa analikunja, akaanza kuligonga kwa nguvu mpaka nikaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha. Nikaenda kwa Bibi, alikuwa anachagua mawe kwenye mchele.

"Kamuulize mtani," akaniambia.

"Si wewe uniambie?"

"Ukitaka kusifiwa, uliza ndugu zako. Ukitaka kujua, muulize anayekucheka."

Mtani nilimkuta uani anakaanga samaki. Nilipouliza swali langu aliweka mwiko chini (mwiko wetu, nikautambua) akacheka mpaka akajifuta machozi na pembe ya khanga.

"Asili yenu? Asili yenu ni babu yako kuolewa."

Nikamwambia mwanamume haolewi. Nilikuwa mtoto mwenye adabu na elimu.

"Huyu aliolewa," akasema. "Sikiliza, mpagazi mdogo. Feruzi alikuwa fundi bati wa Tabora, baba yake bibi yako. Alikuja hapa na treni, na binti yake mmoja na nyundo yake moja. Babu yako alikuwa kijana wa Kizinza kutoka ng'ambo huko, Sengerema, yatima. Mjomba wake akamtuma alete karabai kwa fundi. Akaileta. Bibi yako akatoka kumpa fundi uji. Kijana akaona. Karabai ikatengenezwa, akaondoka nayo. Haujapita muda, huyoo, amerudi, taa imepondeka tena. Ikatengenezwa. Akarudi tena! Fundi akaona hii taa ina pepo. Kumbe kijana akifika katikati ya maji anaigonga mwenyewe kwenye ubao wa mtumbwi!"

Samaki walikuwa wanaungua na yeye hana habari.

"Mwisho fundi akamwambia, wewe kaa hapa hapa, utanimalizia bati. Akakaa. Akafundishwa kazi, akasilimu, akapewa binti, akalala nyumba ya mkewe. Akaolewa! Siku moja karani wa kodi akapita, akamwona barazani, akauliza, 'Na huyu kijana wa nani?' Fundi hakuinua hata kichwa. Akasema, 'Wangu.' Karani akaandika Feruzi. Haya, nenda kamwambie mwalimu wako. Na mwambie bibi yako mwiko wake hautoki hapa bila sabuni."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Nikamwambia Bibi kwamba mtani amemtukana Babu. Bibi akauliza, "Amesema ameigonga taa kwenye ubao?" Nikasema ndiyo. Akatabasamu peke yake, akaendelea na mchele. "Basi hajaongeza kitu."

Kesho yake nikasimama darasani nikaeleza yote, na karabai, na uji, na "Wangu". Darasa likaangua kicheko. Mwalimu, mwenye tai fupi iliyoishia juu ya kitovu, akanyoosha chaki kuniashiria. "Kaa chini. Asili ya mtu ni baba na baba wa baba. Hizo ni hadithi za jikoni." Kisha akainuka mtoto mmoja akasema babu yake alipigana na simba mikono mitupu akapewa utemi, na mwalimu akampongeza sana, akaomba tumpigie makofi. Tulipiga. Baba wa mtoto yule tulimjua sote, alikuwa anaogopa mbwa. Tangu siku hiyo elimu ya namna ile niliishusha thamani, na nikimsikia Mwenyekiti wetu na nasaba zake, nasikia chaki ya mwalimu yule.

Babu alifariki nikiwa namaliza shule ya msingi. Wavuvi walivuka kutoka visiwani na karabai zao wakaziweka barazani zimezimwa, safu nzima. Ndani wanawake walikuwa wanalia, na Bibi ameketi mkekani, macho makavu, amenyamaza vibaya, ukimya ule wa kutisha watoto. Jeneza likainuliwa. Likafika mlangoni likakwama, kwa sababu mlangoni alisimama mtani.

Alikuwa amevaa aproni ya ngozi ya Babu. Amejipaka masizi usoni. Kofia ya Babu imemfunika masikio, mkono mmoja ameshika debe, mwingine nyundo ya Babu, anagonga kwa nguvu zote.

"Hatoki! Bwana harusi huyu hatoki! Aliingia nyumba hii na taa aliyoivunja mwenyewe, leo anataka kutoka kimyakimya? Uji wa watu alioula atautapika wapi? Ameolewa hapa, amekula hapa, mpaka jina amepewa hapa, halafu anaondoka bila kuaga! Mzinza hana haya!"

Sheikh akakohoa. Wanaume waliobeba jeneza mabega yakaanza kutikisika, nikadhani wanalia, kumbe wanacheka. Wavuvi wakacheka. Na Bibi yangu, mkekani, akajifunika uso kwa khanga na kicheko kikamtoka, kikubwa, kikageuka kilio katikati ya njia, na hapo ndipo alipoanza kulia kama mtu anavyotakiwa kulia. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa kwamba mtani amemfungulia mlango.

Mtani alipoondoka mlangoni aliondoka na nyundo. Hiyo ndiyo haki yake. Mtani akichukua kitu msibani kinakombolewa kwa kitu kidogo, na baba zangu wadogo walikwisha kutafuta kilo ya sukari. Bibi akawazuia.

"Iacheni. Ni nyundo ya baba yangu, najua ninachosema. Ikikaa kwa mtani haipotei. Siku yake ya kuzikwa tutaifuata."

Nyundo ikakaa. Miaka ikaenda, Bibi naye akaondoka. Siku ya maziko yake mtani alishindwa kumaliza hata tusi moja. Alifagia uwanja wetu wote, akaufagia tena, halafu akanishika mkono, kiganja chake kigumu.

"Umebaki wewe. Hao wengine wameshakuwa wazungu. Siku yangu usiniache nizikwe kimya kama mtu asiye na watani."

"Nitakuja," nikamwambia, "kuhakikisha umekufa kweli."

Akacheka mpaka akakohoa. Hiyo ndiyo ahadi niliyokuwa nayo mimi, rafiki yangu, wakati Mwenyekiti anachapisha bango.

Siku ya Ukoo ikapangwa Jumamosi, hotelini, ufukweni kule Ilemela. Fulana zikashonwa, kifuani panga mbili. Babu yetu hakuwahi kushika upanga maishani mwake, alishika mkasi wa bati, lakini mkasi nadhani haukupendeza kwenye fulana. Mimi nikawekwa kwenye ratiba, eti nitoe ushuhuda wa mjukuu aliyelelewa na mzee, na nikatumiwa kabisa maneno ya kusema. Babu alikuwa ananisimulia habari za Shirazi nikiwa magotini kwake, ndivyo yalivyosema. Babu huyu huyu aliyekuwa akiulizwa swali anagonga bati!

Ijumaa, baada ya alasiri, simu ikalia. Binti mkubwa wa mtani.

"Mama ametutoka. Tunazika kesho baada ya adhuhuri."

Nilikaa kidogo, nikalia kidogo, nikampigia Mwenyekiti.

"Inna lillahi," akasema haraka, kama anayelipa nauli. "Lakini dada, kesho wewe uko kwenye ratiba. Wageni wanakuja. Yule mama si ndugu yetu."

"Alimzika babu yako."

"Alimwaibisha babu yangu mbele ya watu! Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Na wewe usiende kufanya yale mambo ya kishamba, utatuchafua. Watu wameshajua sisi ni nani."

Nikamsikia anashusha pumzi. Kweli kabisa, alishusha pumzi. Mtu wa mwisho mwenye kumjua yule kijana wa karabai amekufa, na mjukuu anapata nafuu! Nikamwambia mkataa kwao mtumwa, na kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kisha nikaenda dukani kununua kilo ya sukari.

Mirongo ya sasa usiitafute. Baraza la Babu ni duka la vifuniko vya simu, yale mawe yetu yamepasuliwa kokoto, na mto ndio umebaki na tabia yake ileile. Nyumba ya mtani bado ipo. Nje turubai, viti vya plastiki, spika kubwa inatoa kaswida. Wajukuu walikuja kutoka Dar, wamevaa sare nyeusi na miwani ya jua, wanazungumza kwa kunong'ona. Mpiga video anapita anawaelekeza watu wakae vizuri. Hakuna aliyelia wala aliyecheka. Msiba msafi kama ofisi ya benki.

Niliingia uani kupitia nyuma. Nikajipaka masizi ya sufuria usoni. Nikageuza khanga ndani nje, nikajifunga sufuria kichwani kwa kitambaa, nikashika mwiko. Nina wajukuu wanne, rafiki yangu, na shinikizo la damu. Jeneza lilipofika mlangoni lilinikuta nimesimama.

"Hatoki mtu hapa!"

Spika ikazimwa. Nikasikia sauti yangu, nyembamba, si kama yake hata kidogo. Nikaipandisha.

"Mvivu huyu! Maisha yake yote alikuwa anatuita wapagazi, wapagazi, kumbe anajiwekea akiba! Haya, wapagazi tumekuja! Mzigo wenyewe huu hapa, na mzito, nazi zote za Uzaramo zimo humu ndani! Mwiko wa bibi yangu uko wapi? Sabuni tulizokupa ulizipeleka wapi, mbona hukuwahi kutakata?"

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa miwani akanijia, akanishika kiwiko kama unavyomshika kichaa stendi.

"Mama, tafadhali. Tafadhali. Jamani, huyu mama ni wa nani?"

Hapo nilitaka ardhi inimeze. Nikawaza, basi, limekwisha, Mwenyekiti alikuwa sahihi, haya mambo yamekufa na mimi nimekuja kucheza ngoma peke yangu mbele ya maiti. Sheikh akakohoa. Halafu kutoka ndani, kwa wanawake, ikatoka sauti nzito ya binti mkubwa wa mtani, mtu mzima kuliko mimi, anasukuma watu apite.

"Wetu. Mwachie mkono. Wetu huyo!"

Akafika mbele yangu, akaangalia sufuria kichwani, akaangalia masizi. Midomo ikamcheza. Kicheko kikamtoka, kikubwa, na katikati yake kikavunjika, akaniangukia begani akalia kwa sauti, na nyuma yake mabibi wa mtaani wakaanza nao, hawa wanacheka, hawa wanalia, na wajukuu wa Dar wakavua miwani ili waone vizuri kuna nini.

"Nataka nyundo yangu," nikamwambia sikioni.

Akaingia ndani, akarudi na kitu kimefungwa kwa khanga kuukuu. Mpini umekuwa mweusi kwa mikono: ya fundi wa Tabora, ya Babu, na miaka hii yote, aliniambia, ya mama yake, aliyekuwa akivunjia nazi. Nyundo ya kifalme! Nikatoa sukari.

"Mama alisema ukija mikono mitupu nisikupe."

"Mama yako alikuwa mchoyo," nikasema, na nikatoka mlangoni, na jeneza likapita.

Nilipokuwa naondoka jioni, nimenawa uso, nimeinama kuvaa viatu pale kizingitini, kimoja hakipo. Nikainua macho. Binti mkubwa amesimama uani, kiatu changu kiko kwapani kwake.

"Nenda hivyo hivyo, mpagazi," akasema. "Si mmezoea?"

Nilipanda bajaji mguu mmoja peku, nyundo mapajani. Dereva aliniangalia kwenye kioo njia nzima, akaona heri asiulize.

Kesho yake Mwenyekiti akapiga. Siku ya Ukoo ilifana sana, nafasi yangu akapewa mtaalamu, kwa simu, na mtandao ulikatika akiwa amefika karne ya kumi na mbili. Kisha akateremsha sauti. Amesikia nimepata nyundo ya mzee. Anaiomba. Anataka kuitia kwenye sanduku la kioo, na karatasi chini yake, kwamba hii ni nyundo ya wafua dhahabu wa Shirazi. Nikamwambia aje aichukue mwenyewe, nimwoneshe inavyogonga. Hajaja. Bango lake nasikia amelifunikia banda la kuku mvua zilipoanza, na huko nadhani limepata raia.

Karabai zimekwisha. Mitumbwi ya dagaa inawaka taa za sola, hazipondeki, hazizibi, na mwezi ukijaa hakuna nyumba mjini inayojaa watu kwa ajili hiyo. Harufu ya risasi sijainusa miaka mingi. Vijana ukiwatania wanakublock, na ukiwauliza kwao wapi wanatoa simu mfukoni. Wa kukusifia amejaa kila mahali, hata humjui anakusifia. Wa kuingia jikoni mwako, akafunua sufuria lako, akakwambia ulivyo, huyo ukimpoteza hana duka.

Nyundo nimeitundika ukutani sebuleni, juu ya televisheni, msumari mmoja tu. Mgeni akiuliza ni ya nani, ninasema ni ya baba yake Bibi. Na kiatu changu kiko Mirongo mpaka leo, kwa mtani. Mwanangu ameniambia mara kadhaa twende tukakikomboe, sukari anayo. Nimemwambia akiache. Siku yangu watakileta.